Chumba Pokezi cha Nyumba Namba Tisa

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, mkaguzi wa mizani alifungua daftari juu ya meza ya chakula, akachukua rula ya chuma, akapiga mstari ulionyooka kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Kushoto aliandika "Mlimani", kulia "Bondeni". Akaupuliza wino hadi ukakauka, kisha akamwambia mkewe kwamba sasa wangeweza kuhama kwa akili.

Walikuwa na mtoto wa kike wa miezi minne. Walipanga nyumba juu ya karakana ya kunyoosha mabati ya magari, ambamo nyundo zilianza saa moja asubuhi na kunyamaza saa kumi na mbili jioni. Mtoto alikwisha kuzoea. Alilala nyundo zikigonga na kuamka zikinyamaza. Mama yake hakuzoea. Alikuwa msahihishaji wa vitabu vya shule, kazi aliyoifanyia nyumbani, na tangu ajifungue alikuwa ameyapitisha makosa mawili katika kitabu cha jiografia, mojawapo likiwa limelihamishia ziwa zima nchi jirani. Mchapishaji alimwandikia barua ya upole. Katika kazi ile, barua ya upole ndiyo inayotangulia barua ya mwisho.

Mumewe aliamini kwamba hakuna kitu kisichopimika. Siku tano za juma alizunguka masokoni na sanduku lake la mawe ya shaba, akiipiga muhuri mizani iliyo sawa na kuitwaa isiyo sawa. Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba vitu viwili vilinganishwe katika hali moja na kwa saa ile ile. Kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili, alipanga kwamba yeye aanzie mlimani na mkewe aanzie bondeni, kila mmoja na saa yake ya mkononi. Baada ya saa moja wangebadilishana.

Dalali wao aliitwa Funguo, kwa sababu ya fungu la funguo lililoning'inia kiunoni mwake na kumtangaza kabla hajapiga hodi. Alikuwa na nafasi mbili tu: nyumba namba tisa ya mtaa wa mlimani, yenye vyumba vitatu na ua, na chumba kikubwa cha mtaa wa bondeni, chenye ukumbi mdogo na jiko la nje. Zote mbili zilikuwa tupu tangu mwanzo wa mwezi. Alimpa mwanamke ufunguo wa chumba, akamsindikiza mwanamume mlimani. Walipoupita mti wa kwanza wa mtaa ule, funguo ziliacha kulia, ijapokuwa ziliendelea kugongana kama kawaida.

Msahihishaji alishuka bondeni na mtoto mgongoni. Barabara ilikuwa ya udongo, lakini soko lilikuwa karibu na zahanati iliyafuata maduka mawili ya nguo. Njiani honi ya gari ililia nyuma yake, naye akasogea ukingoni pamoja na watu wengine. Hapakuwa na gari. Mwanamke aliyebeba kapu la nyanya alimweleza kwamba lile lilikuwa gari la mlimani, na kwamba kusogea hakudhuru, kwa sababu mara moja moja huwa gari la kweli.

Chumba kilikuwa safi na kimya. Upande wa pili wa ukuta aliishi fundi miavuli, mzee mpweke aliyefanya kazi mlango wazi, na kutoka kwenye dari yake zilishuka sauti za watu wengi wakila na kucheka.

"Hao ni namba saba," alisema fundi, sindano ikiwa mdomoni. "Leo wana wageni. Subiri mwenye nyumba afike kwenye kisa cha punda, watacheka tena."

Msahihishaji alisubiri. Walicheka tena. Akamwuliza kama chumba cha jirani nacho kilikuwa na wageni wake, na fundi akasema kwamba kile kilikuwa kimya tangu waliokuwamo wahame, jambo lililomsikitisha kidogo, maana aliwazoea. Yeye mwenyewe alimfahamu binti wa namba saba tangu akijifunza kusoma, na siku alipopasi mtihani alimsherehekea peke yake.

Saa nne na robo, akiwa ameketi juu ya sanduku katikati ya chumba kile, msahihishaji alisikia kikohozi cha mumewe. Kilitokea juu ya kichwa chake, upande wa dirisha. Kisha akamsikia akihesabu hatua kwa sauti: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Akaandika yote na dakika zake.

Saa tano walibadilishana. Nyumba namba tisa ilikuwa na madirisha mapana, bomba lililotoa maji, na mti wa kivuli uani. Msahihishaji alizunguka vyumba vyote na mtoto mikononi. Ilipofika saa tano na dakika ishirini, mtoto alipata njaa, akalia. Uso ulijikunja, ukawa mwekundu, kinywa kikafunguka hadi fizi zote zikaonekana, machozi yakatoka. Hapakusikika kitu. Mama yake alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ndipo akamnyonyesha.

Jioni walikaa mezani kulinganisha. Nyundo za chini zilikuwa zikigonga, hivyo mkaguzi alisoma kwa kupaza sauti.

"Bondeni, saa nne na robo: kikohozi kimoja, changu."

"Ndiyo. Na dakika tano baadaye ukahesabu hatua, ukakosea, ukaanza upya."

"Sikukosea. Nilikuwa nimeupita mlango." Akafungua ukurasa wa pili. "Bondeni, saa tano na dakika ishirini: mtoto amelia. Dakika saba."

"Alilia mikononi mwangu," alisema mkewe. "Nilimwona machozi. Sikusikia hata chembe."

Alipolisema hilo aliitazama rafu, ambapo kurasa mia mbili na arubaini za kitabu cha hesabu zilimngoja tangu Jumatatu.

Funguo alifika kunywa chai na kujibu maswali. Alieleza kwamba hapakuwa na siri yoyote. Zamani, baraza la mji lilipopima miteremko kwa ajili ya mifereji ya mvua, liligundua kwamba sauti za mlimani hushuka kama maji, likaona si vyema kuyazuia maumbile. Sauti yoyote iliyozidi ile ya kijiko kugonga kikombe haikukaa mlimani. Za barabarani zilishukia barabara ya bondeni, na za kila nyumba zilishukia chumba chake, kilichoitwa chumba pokezi. Za bondeni hazikupanda, kwa kuwa hakuna kinachopanda bila kusukumwa. Nyumba namba tisa na chumba walichokikagua vilikuwa hivyo: kimoja kilimwagikia kingine. Ukimya ambao msahihishaji aliusifu kule chini ulikuwa ukimya wa nyumba isiyo na watu.

Mkaguzi alichukua muda kuielewa hasara hii. Alikuwa ameviweka kwenye mizani vitu viwili vilivyofungwa kwa kamba moja, na kwa miaka kumi na mitano aliwatoza faini watu waliofanya hivyo.

"Basi tukikaa bondeni, tutasikia ya watu," alisema.

"Na tukikaa mlimani?" aliuliza mkewe.

"Ya kwetu yatasikiwa na atakayepanga kile chumba. Kwa hiari yake, lakini. Kodi yake ni ndogo kwa sababu hiyo."

"Nitafanya kazi mtoto akiwa miguuni pangu."

"Na akilia usimsikie?"

"Nitamwona. Macho ninayo."

Mkaguzi alisema kwamba mtoto si maziwa ya kuchungulia kama yamechemka. Mkewe akajibu kwamba siku atakayonyonyesha yeye, ndiyo siku atakayopewa kura ya pili. Walihamia mlimani.

Mkataba ulikuwa wa kurasa sita, na msahihishaji aliusoma kama alivyosoma kila kitu, kalamu nyekundu mkononi. Aliondoa koma tisa, akaongeza nukta tatu, akalirekebisha jina la mtaa lililoandikwa kwa herufi ndogo. Kifungu cha nne kilisema kwamba sauti zote za nyumba na ua wake, za watu wa sasa na watakaoongezeka, zilikuwa mali ya chumba pokezi na hazikuweza kudaiwa kurudishwa. Hakikuwa na kosa hata moja. Alikipita akiwa ameridhika, akatia saini.

Majuma mawili baadaye kile chumba kilipata wapangaji: mwanamke aliyepiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, na mumewe, mlinzi wa geti la mtaa wa mlimani. Watoto wao walikuwa wakubwa na walikwisha kuondoka. Mpiga pasi alipanda mlima kwa mara ya kwanza siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Kwa kuwa hodi haikusikika mlimani, alisimama nje ya dirisha akipunga leso, kama walivyofanya wageni wote wa mtaa ule, mpaka msahihishaji akainua kichwa kutoka kwenye kurasa zake.

"Samahani, mama," alisema kwa sauti ya chini iliyofaa mahali pale. "Mtoto analia chumbani. Ameanza muda kidogo."

Msahihishaji alikwenda kutazama. Mtoto alikuwa amelipiga mateke blanketi lake, akajisokota nalo hadi shingoni. Alimfungua, akamshukuru mgeni, akamkaribisha chai. Mgeni alisema aliiacha pasi motoni.

Kutoka bondeni hadi namba tisa ni mwendo wa robo saa kwa mtu asiyebeba mzigo. Baada ya siku chache, mpiga pasi alijifunza kuchagua. Kilio cha njaa kilianza chini na kukwea. Cha usingizi kilizunguka mahali pamoja. Cha hasira kilikuwa na vituo. Kwa vilio hivyo hakupanda. Alipanda kwa cha maumivu tu, nacho, alisema, hakikumpa nafasi ya kuchagua, miguu ilikuwa njiani kabla yake. Hakudai kitu kwa safari zile. Msahihishaji alimpa gauni moja aliloacha kulivaa, akaona jambo limekaa sawa.

Kazi iliendelea vizuri ajabu. Kufikia mwezi wa nane wa mtoto, msahihishaji alikuwa amemaliza vitabu vitatu, na ziwa lilirudishwa nchini kwake katika toleo la pili. Mchapishaji aliandika barua ya kumpongeza. Mtoto alicheza sakafuni kama samaki kwenye chupa, akifungua na kufunga kinywa. Alipopelekwa zahanati kwa chanjo, aliisikia sauti yake mwenyewe ikilia kwa mara ya kwanza tangu ahame, akashtuka, akanyamaza papo hapo. Tangu siku hiyo hakutoa sauti yoyote nje ya mlima. Muuguzi alimsifu mbele ya kina mama wengine kwa malezi mema.

Wakati wa meno ulipofika, mtoto alilia mchana kutwa kwa majuma matatu. Mlinzi, aliyelala mchana, hakulala. Alihamia uani, akarudi ndani kwa sababu ya honi. Akajaribu pamba masikioni, lakini sauti za chumba pokezi hazipitii masikioni peke yake. Hatimaye akawa anasinzia kazini, amesimama wima, kofia ikiwa imeshuka hadi kwenye nyusi. Umoja wa wakazi wa mlimani ulizungusha barua ya malalamiko nyumba kwa nyumba. Mkaguzi aliisaini. Alikuwa amemwona kwa macho yake mara mbili, na hakuwa mtu wa kukataa ushahidi. Mlinzi aliachishwa kazi, na mahali pake pakachukuliwa na kijana mwenye nguvu, aliyepanga chumba pokezi cha namba nne, ambako kulikuwa na mwanafunzi wa tarumbeta.

Mpiga pasi alilisimulia jambo hilo dirishani, bila kulifunga na jingine lolote. "Bwana hakuwa anapata usingizi," alisema. "Sasa anapata. Analala hata mchana ninapopiga pasi. Hana pa kwenda."

Msahihishaji alimpa pole. Alijua kwamba barua ilipita nyumbani kwake, kwa kuwa ndiye aliyezirekebisha nukta zake.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi wa mtoto, mpiga pasi alipanda tena. Msahihishaji alipoiona leso, alimtazama mtoto upesi, akamkuta ameketi sakafuni, mzima, ameshika kifuniko cha sufuria.

"Haumwi," alisema mpiga pasi. "Nimekuja kukwambia ameongea. Niliona si haki ukose kujua."

"Amesemaje?"

"Amesema 'mama'. Juzi jioni ndiyo mara ya kwanza. Jana tena, na leo asubuhi. Nimekuwa nikiitika, maana hapakuwa na mwingine."

Msahihishaji aliweka kalamu chini. Akamwomba amwigizie jinsi mtoto alivyosema. Mpiga pasi alikohoa kidogo, akavuta pumzi, akaita kama mtoto. Kinywa chake kilifunguka na kufungika mara mbili. Sauti ilikwenda zake bondeni, ambako, kama ilivyojulikana baadaye, mumewe aliamka akidhani mkewe amefiwa.

"Hivyo," alisema mpiga pasi.

Kuanzia siku ile msahihishaji hakupitisha ukurasa hata mmoja. Alikaa sakafuni mbele ya mtoto akikitazama kinywa chake. Aliona midomo ikikutana mara mbili, akajua kwamba ndiyo, lakini alichokisikia kilikuwa saa ya ukutani. Alijaribu kumfundisha kunong'ona. Watoto wa umri ule hawajui kunong'ona. Walimpeleka sokoni, wakamvusha mto, wakamkalisha saa nzima katika chumba cha mpiga pasi chenyewe. Mtoto alitazama huku na huku, kinywa kimefungwa kama mkoba. Mkaguzi alimwendea Funguo kuuliza kama wangeweza kukipanga chumba pokezi wao wenyewe, juu na chini pamoja. Funguo alicheka mpaka funguo zikalia. Alisema kwamba mtu kupokea sauti yake mwenyewe ni kukaa mahali pawili kwa mkataba mmoja, nalo baraza halikuliruhusu. Kuhama bila malipo ya kuvunja mkataba kungewezekana baada ya miezi miwili. Mkaguzi alipolileta jibu hilo nyumbani, mkewe alihesabu vitabu vilivyomngoja, ambavyo sasa vilikuwa vitano, akasema kwamba kwanza asikie, ndipo waamue.

Wakapanga Jumapili. Saa nne kamili mkaguzi angemketisha mtoto uani, angemtundikia gauni la mama yake kwenye kamba ya nguo, na kumwacha aliite. Msahihishaji angekuwa bondeni.

Alifika robo saa mapema. Mpiga pasi alikuwa kazini, rundo la mashuka upande mmoja, rundo lililokunjwa upande wa pili. Mlinzi alisalimia, akatoka nje kwa adabu, akajiunga na fundi miavuli mlangoni mwake. Msahihishaji alipewa kiti karibu na dirisha. Alikaa mikono mapajani, akiisikiliza dari, akamsikia mumewe akiburuta kiti, akipiga chafya, akimwambia mtoto, "Mwangalie mama yule, mwangalie."

Saa nne na dakika mbili, sauti nyembamba ilishuka juu ya vichwa vyao.

"Mama."

"Naam, mwanangu," alisema mpiga pasi, bila kuinua macho kutoka kwenye shuka. Kisha pasi ikasimama. "Nisamehe, mama wee. Mdomo umezoea."

Msahihishaji alisema hakuna neno. Sauti ilikuwa na mkwaruzo kidogo mwishoni, kitu ambacho midomo haikumwonyesha. Alikuwa akiufikiria mkwaruzo ule wakati mtoto alipoita tena.

"Mama."

Safari hii wote wawili walikaa kimya. Mpiga pasi alimwachia mwenye mtoto. Mwenye mtoto, kwa sababu asizoweza kuzieleza, alikuwa akimngoja mpiga pasi.

"Mwitikie, basi," alisema mpiga pasi taratibu. "Huwa anaita mara tatu tu."

Sauti ya tatu ikaja. Msahihishaji aliitika. Aliitika vizuri, kwa sauti kamili, na kwa kuwa sauti za bondeni hazipandi, jibu lake lilibaki mle chumbani kati ya mashuka. Juu, mtoto alingoja kidogo, akanyamaza, kisha kukasikika kifuniko cha sufuria kikigongwa kwenye mawe.

Msahihishaji alikaa hadi saa sita. Alipoaga, mpiga pasi alimwahidi kwamba neno la pili likija, atapanda kumwambia siku hiyo hiyo, hata kama pasi iko motoni. Baada ya miezi miwili Funguo alileta mkataba mpya wa mwaka mmoja. Kifungu cha nne kilikuwa kama kilivyokuwa, nacho msahihishaji alikisoma mara mbili, polepole, akitafuta kosa.